Kibao cha Chuo Kikuu Hakitoshi: Tunadai Maabara

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Garissa yapita hapa Bangale. Mwananchi aketiye kivulini kando yake huona misafara miwili ikipita kila wiki: malori ya ng'ombe na mbuzi yakielekea masoko ya bara, na mabasi yaliyobeba vijana wetu wakielekea huko huko kutafuta elimu ya juu. Mifugo hurudi kwa sura ya noti. Vijana waliokwenda kusomea sayansi, wengi wao hawarudi, kwa kuwa huku kwetu hawaoni mahali pa kuitumia elimu yao. Hivyo kila mwaka twauza mifugo kwa bei, na akili za watoto wetu twazitoa bure.

Chuo kikuu cha umma kilicho karibu nasi zaidi kiko Garissa, ng'ambo ya daraja la Mto Tana, upande wa pili wa Madogo. Kwa mujibu wa ramani, hicho ni chuo cha kaunti jirani. Kwa mujibu wa maisha yetu, ni chuo chetu: sokoni Garissa twauza, hospitalini Garissa twatibiwa, na huko ndiko mtoto wa mfugaji wa Bangale anakoweza kufika bila ya babake kuuza zizi zima. Tahariri yetu ya leo yahusu chuo hicho, nayo yadai jambo moja: Chuo Kikuu cha Garissa kijengewe maabara za sayansi zinazostahiki jina la chuo kikuu, na zijengwe kabla ya mwaka 2029. Kwa nini tumeutaja mwaka huo, tutaeleza.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mahali hapo palikuwa chuo cha ualimu, kilichojengwa kwa ajili ya kuwaandaa walimu wa shule za msingi. Mwaka 2011 kikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walikivamia wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Chuo kikafungwa, na wanafunzi walionusurika wakahamishiwa Eldoret. Walikuwapo waliosema hadharani kwamba hicho ndicho kikomo chake. Mwezi Januari 2016 kilifunguliwa tena, na Oktoba 2017 kikatunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Chuo kilichofufuka kutoka makaburini kwa muda usiozidi miaka mitatu kimethibitisha kuwa kina haja ya kuishi. Tuliopo tuna deni kwa vijana wale. Walikwenda pale kusoma, na heshima kubwa tunayoweza kuwapa ni kuhakikisha kwamba wanaokaa leo katika viti vyao wanapata elimu iliyo kamili.

Je, elimu ya sayansi yaweza kuwa kamili bila ya maabara? Kijana mmoja wa hapa kwetu, ambaye sasa ni mwalimu, alitusimulia jinsi alivyoishika bureti kwa mara ya kwanza maishani mwake siku ya mtihani wake wa taifa wa kemia. Kwa miaka minne alikuwa akiiona ubaoni, imechorwa kwa chaki. Siku hiyo mikono ilimtetemeka, asidi ikamwagika mezani, na alama zikamwagika pamoja nayo. Shule yake hatuitaji, maana kosa hilo si lake peke yake. Twauliza tu: kijana huyo akishinda vikwazo hivyo vyote, akaingia chuo kikuu, naye akakuta huko pia majaribio yafanywa na mhadhiri mmoja mbele, huku wanafunzi mia moja wakitazama kutoka nyuma, tumemfikisha wapi? Na akirudi kufundisha, atawafundisha watoto wa Bangale kitu gani zaidi ya kuchora bureti ubaoni? Duara hili ndilo tunalotaka likatwe, na pa kulikatia ni chuo kikuu, maana ndiko mwalimu anakotoka.

Ugonjwa huu haukuanzia Garissa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi, na hakikuwa chuo kikuu kamili hadi mwaka 1970. Kilipata miaka kumi na minne ya kujenga karakana, maabara na maktaba kabla ya kuvishwa joho. Baadaye utaratibu ukageuzwa: jina likatangulia, majengo yakaahidiwa. Mwaka 1987, na tena mwaka 1990 wakati wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipoingia pamoja na wale wa mwisho wa mfumo wa zamani, vyuo vikuu vilipokea makundi mawili kwa mpigo, ilhali maabara ziliendelea kuwa zile zile. Kisha kati ya mwisho wa mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, vyuo vishiriki vingi, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kikiwamo, vilipewa hati za vyuo vikuu kamili katika muda wa miezi michache. Sisi hatukipingi chuo hata kimoja kati ya hivyo. Tunachopinga ni desturi ya kupandisha kibao langoni na kuacha nyuma ya lango majengo yaliyokusudiwa kazi nyingine. Kanzu ya mtu mzima haimfanyi mtoto kuwa mzee.

Wapo watakaotucheka wakisema: watu wa Tana River wamekumbwa na ukame wa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2023, kisha wakasombwa na mafuriko, nao hawa wanadai maabara! Si wangedai maji na unga? Twawajibu hivi: ni kwa sababu ya ukame na mafuriko ndipo tunadai maabara. Hebu tutazame mambo matatu ambayo kila mwenyeji wa hapa ameyaonja.

La kwanza ni Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa na wanasayansi humu humu nchini Kenya mwaka 1931. Huenezwa na mbu wanaofurika baada ya mvua kubwa; mifugo hutupa mimba, ndama na wana-kondoo hufa, kisha binadamu huambukizwa kwa damu na nyama. Mwisho wa mwaka 2006 ulizuka Garissa, ukaenea Tana River na kwingineko, na kufikia mapema mwaka 2007 ulikuwa umeua zaidi ya watu 150 nchini. Damu za wagonjwa zilisafirishwa hadi Nairobi ili ugonjwa upate kutambuliwa. Masoko ya mifugo yalifungwa, na familia zisizo na shamba wala mshahara zikakaa zikitazama mifugo ambayo haikuuzika. Kila siku inayopita kati ya mnyama wa kwanza kufa na jibu la maabara kurudi ni siku ya maambukizo zaidi. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, hata watu wakavushwa kwa mashua. Mvua ile ile inayoleta mbu ndiyo inayokata njia ya kupeleka damu Nairobi. Je, yahitaji shahada kuona kwamba vipimo vyafaa kufanyiwa huku?

La pili ni mathenge. Mti huu ulipandwa Bura na Hola katika miaka ya mwanzo ya 1980, kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Leo umeziba malisho, umefunga njia za mifugo kwenda mtoni, na maganda yake yenye sukari huozesha meno ya mbuzi. Wenzetu wa Baringo, ambao pia waliletewa mti huo, walifika Mahakama Kuu mwaka 2006 wakiishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kuwa ushahidi. Wakili yeyote atawaambia kwamba mbuzi aweza kuthibitisha hasara, lakini hawezi kueleza dawa. Ni nani atakayechunguza jinsi ya kuudhibiti mti huo, au kuyageuza maganda yake kuwa chakula cha mifugo kisicho na madhara? Kazi hiyo ni ya kemia na biolojia, nayo yataka mtu anayeishi kando ya mathenge, si anayeusoma kwenye ripoti.

La tatu ni mto wenyewe. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, mabwawa matano yamejengwa juu ya Mto Tana kwa ajili ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Umeme huo umewasha taa na viwanda vya miji mikubwa kwa zaidi ya nusu karne. Sisi wa chini ya mto tumebaki na mabaki ya maji wakati wa kiangazi na ghadhabu ya maji wakati wa mvua. Mwaka 1989 mto ulihama mkondo wake kule Hola na kuuacha mradi wa umwagiliaji bila maji. Wakulima wakarudi kuomba chakula cha msaada kando ya mto mrefu kuliko yote nchini. Kupima maji, udongo na mwendo wa mto ni sayansi. Na pale ambapo mkulima na mfugaji wamefikia kumwaga damu kwa ajili ya maji na malisho, kama ilivyotokea katika delta ya Tana mwaka 2012, takwimu za kuaminika ni sehemu ya amani.

Tuongeze na jua. Mwaka 2019 kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa Garissa. Mitambo iko pale. Swali letu ni moja tu: miongoni mwa wahandisi na mafundi wanaohitajika kuiendesha na kuijenga mingine, ni wangapi waliofunzwa hapo hapo, na ni wapi wangefunziwa?

Sasa tuigeukie sheria, kwa maana tumechoka kuambiwa kwamba haya ni maombi. Si maombi. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 11, yaitaka serikali kuutambua mchango wa sayansi na teknolojia asilia katika maendeleo ya taifa. Kifungu cha 43 champa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 56 chaamuru kwamba makundi yaliyotengwa yapewe fursa maalumu katika elimu na uchumi. Na wakubwa wakijitetea kwa wimbo wao wa kila siku kwamba pesa hazipo, kifungu cha 20 chasema waziwazi kwamba ni juu ya serikali kuthibitisha kuwa hazipo. Mzigo wa ushahidi uko begani mwake, hauko begani mwetu.

Kipo pia kifungu cha 204 kilichounda Hazina ya Usawazishaji, ambayo hutengewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato iliorodhesha kaunti 14 zilizotengwa. Tana River na Garissa zote mbili zimo. Kifungu hicho chataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Maabara haikutajwa, nasi hatutawadanganya wasomaji wetu. Hata hivyo kifungu cha 259 chaeleza kwamba orodha inayoanza kwa neno "pamoja na" haikomei kwa vilivyotajwa. Mahakama yaweza kukubali au kukataa kwamba maabara ya chuo kikuu ni huduma ya kimsingi. Lakini maji ya kuaminika na umeme usiokatika hadi mlangoni mwa maabara hiyo yamo ndani ya maneno yenyewe ya Katiba. Na tukumbuke: kifungu hicho kitakoma Agosti 2030, miaka ishirini tangu Katiba ianze, isipokuwa Bunge likiongeze muda. Mwenye nguo kidogo hafui usiku wa manane. Anayengoja hadi 2030 atakuta hazina imefungwa.

Huo ni muda wa kwanza. Wa pili ni mwaka 2029. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, na litagonga malango ya vyuo vikuu mwaka 2029. Serikali yenyewe imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ni azma njema. Lakini watoto hao wanaohimizwa leo wapende sayansi watafika Garissa wakute nini? Jengo la maabara halioti kama uyoga baada ya mvua. Michoro, zabuni, ujenzi, ununuzi wa mitambo na kuajiri mafundi huchukua miaka. Asiyeanza sasa amekwisha kuchelewa.

Twajua hoja zitakazoletwa. Wa kwanza atasema: waende Nairobi. Huo ndio ule mawazo wa Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioelekeza pesa za maendeleo mahali penye ardhi nzuri na mvua, eti faida ingetufikia baadaye. Tumeingoja kwa zaidi ya miaka sitini. Wa pili atasema: hiyo ni kazi ya gavana. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba limeviweka vyuo vikuu mikononi mwa serikali ya taifa, na asiruhusiwe mtu kutupa mpira kuvuka mto. Wa tatu atasema: usalama. Sisi tunasema usalama ulindwe kwa askari na kwa ujasusi, wala usigeuzwe kisingizio cha kuwanyima watoto elimu, maana hilo ndilo walilolitaka waliokuja alfajiri ile ya Aprili.

Lipo na neno letu kwa wanasiasa wa nyumbani, na pengine halitawapendeza. Kila msimu wa uchaguzi twaahidiwa chuo kikuu katika kila kaunti, na wengine huahidi bewa katika kila eneo bunge. Makofi hupigwa. Tafadhalini, tusiwapigie makofi kwa vibao. Maabara moja yenye maji, umeme, hadubini za kutosha, majokofu ya kuhifadhia sampuli na mafundi wanaolipwa mishahara yao, ni bora kuliko mabewa kumi yenye viti vya plastiki. Mpokomo, Muorma, Mwardei, Munyoyaya, Mmalakote na Msomali wakutane katika maabara hiyo moja ng'ambo ya daraja. Watatoka humo wakiwa wasomi wa taifa moja.

Basi tunadai haya. Kwanza, serikali itenge katika bajeti ya maendeleo fedha za jengo la maabara za kemia, biolojia, fizikia na tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Garissa, zikiandikwa kwa jina lake, wala zisifichwe chini ya "miradi mbalimbali". Pili, Hazina ya Usawazishaji igharimie maji na umeme wake, pamoja na umeme wa jua wa akiba, kwa sababu jokofu la sampuli likizimika mchana mmoja wa joto la huku, kazi ya mwaka mzima huoza. Tatu, kila mwaka itengwe sehemu ya kununulia kemikali na vipuri na kuwalipa mafundi wa maabara. Tumeona mashine za bei ghali zikifunikwa kwa shuka kwa kukosa kifaa cha shilingi elfu chache. Nne, pawe na chumba cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo kitakachowahudumia wafugaji na kuwafunza wanafunzi kwa wakati mmoja. Tano, zabuni zote zitangazwe na hesabu zibandikwe hadharani, ili maabara isije ikajengwa kwenye karatasi.

Na wewe, ndugu msomaji, unayo kazi. Makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ya Bunge inalazimika kusikiliza maoni ya wananchi. Kifungu cha 119 chakuruhusu kuliandikia Bunge ombi rasmi. Kifungu cha 35 chakupa haki ya kuuliza ni kiasi gani kilitengwa na kilikwenda wapi. Wazee wa Bangale, kina mama wa vikundi, walimu, wanafunzi walio likizoni: ketini, andikeni, tieni sahihi au alama ya kidole gumba, na mpelekeeni mbunge nakala. Asiyejua kusoma asomewe. Akinyamaza mbunge, kumbukeni kunyamaza kwake siku ya kura.

Wazee wetu walipodai vyama vingi na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, wengi wetu tulikuwa watoto. Wahadhiri wa vyuo vikuu walipogoma mwishoni mwa mwaka 1993 wakidai chama chao kitambuliwe, tulikuwa bado darasani. Waliteseka ili sisi tuwe na sauti. Uhuru wa kupiga kelele tunao. Lakini mageuzi yanayoishia kwenye kura, yasifike kwenye meza ambayo mtoto wa mfugaji ameketi akiitazama tone la maji kwa hadubini yake mwenyewe, ni mageuzi nusu. Tunadai nusu iliyobaki.